Nywele za Siku ya Saba

Mtu akimwuliza Sikuzani ana watoto wangapi, alijibu upesi, "Mungu hakujalia," kisha akauliza habari za mvua. Watu wa Haneti walimzoea hivyo. Alikuwa binti wa mpagazi wa Kinyamwezi aliyechoshwa na misafara akaishia huku nyanda za kati. Alisali, alijifunga kanga ikakaa, na ulimi alikuwa nao. Wagogo waliokuja dukani kwa Baniani kuuza ngozi na nta walimwogopa kidogo, maana akimtania mtu asubuhi, hadi jioni kijiji kizima kimeshacheka.

Lakini lile jibu halikuwa kweli yote. Sikuzani alizaa. Alizaa mtoto wa kiume mwaka ambao reli ya Mdachi, yaani Mjerumani, ilikuwa bado inajikokota huko chini Morogoro, na mtoto akaishi siku sita. Siku ya saba ndiyo angenyolewa na kupewa jina. Mama mkwe alikwisha kuunoa wembe, akaufunga kwenye kitambaa chenye mafuta ili usipate kutu. Siku ya sita mtoto akakataa ziwa, na alasiri akafa. Zaidi, mume wa Sikuzani, alichimba kaburi kwa mikono yake chini ya kilima cha mawe, akamlaza mwanawe asiye na jina. Baada ya miezi akaenda kutafuta kazi ya kutandika reli, akaenda moja kwa moja. Wengine walisema yuko Tabora na mke mwingine. Sikuzani akasema hewala, huyo mke na amfulie.

Siku ya nne baada ya maziko, Velji Baniani mwenye duka alikuja mlangoni kwake, kilemba mkononi, akilia mbele za watu bila aibu. Mkewe, Kankubai, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku mbili zilizopita. Homa ilikuwa inamchoma, na maziwa hayakutoka hata tone. Maziwa ya mbuzi mtoto aliyatapika. Na huyo alikuwa wa nne. Watatu waliotangulia walikuwa wamezikwa hapo hapo Haneti, maana Mabaniani mtu mzima humchoma moto, lakini kichanga humzika kama sisi. Hakuna hata mmoja aliyefika mwezi. Velji hakujua aombeje. Alisimama tu akisema, "Dada, dada," kama mtu aliyesahau maneno mengine yote ya Kiswahili.

Sikuzani hakufikiri. Maziwa yalikuwa yanamwuma. Alikipokea kile kitoto chekundu alichokuwa amekibeba Velji, akakiweka kifuani, nacho kikanyonya kwa nguvu kama kinachodai haki yake. Hapo ndipo yeye naye alipolia kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Mtoto akakaa kwake siku arobaini. Na sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hadithi hii yote imening'inia hapa.

Kitoto kilipofikisha siku saba, Sikuzani aliamka alfajiri akauchomoa ule wembe ulikokuwa umechomekwa juu ya kizingiti. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyemkataza. Kwao mtoto anyonyaye ziwa lako hapitishwi siku ya saba na nywele za tumboni kichwani, kama mtoto asiye na mwenyewe. Alisema bismillahi, akakilowesha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, akakinyoa polepole mpaka kikang'aa. Wembe ulikuwa mkali. Ulikuwa umenolewa tayari.

Nywele zilikuwa chache, laini, zikajaa ukucha tu. Alizifunga kwenye kipande cha kanga yake, akaenda mpaka chini ya kilima cha mawe, akachimba kwa vidole upande wa kichwa cha mwanawe, akazifukia humo. Naye apate kitu, alijiambia. Asiende akhera bila nywele za siku ya saba, hata kama ni za kuazima. Hakuona kosa. Aliona amewatendea mema watoto wawili kwa mkono mmoja.

Siku ya arobaini na moja Kankubai alikuja kwa miguu yake, amekonda, amejishika ukuta kila baada ya hatua chache. Akamchukua mtoto. Kichwa kilikwisha kuota nywele nyeusi, fupi, na mama akakisugua kwa shavu lake huku akicheka na kulia. Alikuwa na Kiswahili alichojifunza uani kwa Sikuzani, na kwa Kiswahili hicho alisema:

"Usiku wa homa nilimwekea Mata nadhiri, hata mume wangu sikumwambia. Mata ni mama mungu wa kwetu. Nilimwambia, huyu wa nne akiishi, wembe hautagusa kichwa chake. Nywele alizotoka nazo tumboni mwangu nitakuletea wewe, mlangoni kwako, peku, kwa miguu. Hizo hapo. Hazijaguswa, na hazitaguswa."

Wanasema usilolijua ni kama usiku wa giza. Lakini lile alilolijua Sikuzani asubuhi ile lilikuwa giza zaidi. Akisema, mwanamke huyu aliyeinuka jana kitandani atarudi kitandani, naye Sikuzani mtoto hatamwona tena kwa jicho. Akinyamaza, nani atajua? Kimya cha siku moja si uongo, alijiambia. Kikawa cha mwezi. Kikawa cha mwaka. Baadaye kikawa kama lile jiwe la mlangoni ambalo kila mtu hulikanyaga wala hakumbuki nani aliliweka.

Mtoto wakamwita Rewa. Akaishi. Akaugua surua akapona, akaanguka kisimani wakamtoa, akang'atwa na mbwa wa jumbe akamng'ata na yeye. Nywele zake zilishuka mpaka mgongoni, na wanawake wa Kigogo walikuja kwa kisingizio cha kununua chumvi ili wazishike. Rewa alimwita mama yake Ba, kwa lugha yao. Naye Sikuzani mtoto alimwita Mama Siku, akalala kwake siku alizotaka. Kuziosha zile nywele kwa maziwa mgando na kuzisuka ilikuwa kazi ya Sikuzani. Kila akipitisha kitana alikuwa akizikumbuka zile nyingine, ukucha mmoja tu, chini ya kilima.

Nadhiri ya namna ile ina mpaka wake: mtoto asivuke mwaka wa tano. Nyumba ya Mata waliyoikusudia ilikuwa kwao, ng'ambo ya bahari, na kila mwaka safari iliahirishwa. Mara ngozi hazikununulika, mara Velji ana homa. Mwaka wa tano ukawa unaelekea mwisho na Kankubai hali wala halali. Ndipo habari ikaja kwamba waashi wa Kihindi waliojenga stesheni za reli wamejenga Dodoma, upande unaoitwa Kikuyu, nyumba ndogo ya Mata, na kwamba taa yake haizimwi. Kankubai akakata shauri siku ile ile. Mata ni Mata, alisema. Penye taa yake ndipo alipo.

Akamwendea Sikuzani uani, akamkuta anapepeta uwele.

"Mama Siku, kuna jambo. Kwetu nywele za mtoto zikinyolewa haziruhusiwi kuanguka chini. Shangazi yake, dada wa baba, hukaa nyuma yake, azipokee mapajani. Dada za Velji wako mbali. Rewa hana shangazi hapa. Ana wewe. Nataka uzipokee."

Ungo ukamponyoka Sikuzani, na kuku wakafaidi. Alisema atakwenda. Angesema nini kingine?

Waliondoka mwezi wa kumi, kiangazi kikali, siku ambayo ardhi ilikuwa imepasuka na migunga haina jani. Walikuwa watu wanne na punda mmoja. Punda alikuwa wa Matonya, Mgogo mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa, aliyepata riziki yake kwa kuwasafirishia watu mizigo kati ya Haneti na Dodoma. Juu ya punda yule palikuwa na vibuyu vya maji, unga, samli ya taa, na nafasi ya kutosha mwanamke mmoja na mtoto. Kankubai hakupanda. Alivua viatu mlangoni pa duka, akaviacha hapo, akatoka peku juu ya mchanga uliokuwa umeanza kuchoma. Sikuzani akavitazama vile viatu. Akavua vyake akaviweka kando yake.

Matonya alitikisa kichwa mpaka hereni zikalia.

"Punda yupo, viatu vipo, na bado mnatembea peku! Mama, huyo mungu wa Wahindi ni mbishi."

"Si mungu, ni mimi niliyeahidi," Kankubai akamjibu.

"Haya. Ila miiba ya kwetu haijui nani ameahidi."

Na kweli haikujua. Hadi jioni ya siku ya kwanza, vilima vya Chenene vikiwa vimebaki nyuma, nyayo za Kankubai zilikuwa zimepasuka. Sikuzani, aliyekulia njia za wapagazi, alimkalisha akamchomoa miiba kwa sindano, mguu mmoja baada ya mwingine, huku Rewa akishika kibuyu cha maji na kuhesabu miiba kwa sauti kama anahesabu mbuzi wake. Ilifika kumi na saba. Wenyeji wa tembe waliyofikia, Wagogo watu wazima wawili, mume na mke, waliwasalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," wakawapisha upande wenye ngozi nzuri, wakawapa ugali wa uwele na mlenda. Yule bibi alizishika nywele za Rewa akauliza kama ni mganga. Wote wakacheka. Kankubai alicheka kuliko wote.

Alikuwa na furaha, ndilo lililomuumiza Sikuzani. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona ana furaha kiasi kile. Kankubai alitembea akichechemea na kuimba nyimbo za Mata, na katikati ya wimbo aligeuka akaeleza: hapa tunasema Mama amepanda simba, hapa tunasema Mama amekuja kucheza na sisi usiku tisa, na siku ya tisa ya sikukuu hiyo ndiyo tutafika. Alisimulia watoto wake watatu pia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mmoja alikuwa na alama shingoni. Mmoja alipiga chafya alipozaliwa, wakafurahi. Wa tatu hakumbuki uso wake, na hilo, alisema, ndilo hulia nalo.

"Wewe wako unaukumbuka uso wake?"

"Naukumbuka," Sikuzani akasema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawa wawili waliujua, na mmoja wao alikuwa amemfanyia mwenzake jambo. Siku ya pili Sikuzani aliamua kusema wakifika kwenye kivuli. Walifika kwenye kivuli, Rewa akalala mapajani mwake, hakusema. Aliamua tena kusema wakifika kisimani. Kisimani walikuta ng'ombe na makelele. Siku ya tatu hakuamua tena. Alitembea tu, na moyoni akaanza kujisamehe mwenyewe. Nywele ni nywele. Zimetoka kichwa kile kile. Huyo Mata wao ni mama, atajua. Na kama hajui, basi hakuna wa kumwambia.

Dodoma waliingia asubuhi, vumbi mpaka kope. Nyumba ya Mata ilikuwa chumba kimoja cha matofali kilichopakwa chokaa, nyuma ya nyumba za waashi, na bendera nyekundu juu ya mti mrefu. Ndani Sikuzani hakuingia, wala hakutaka kuingia. Yeye na dini yake. Lakini kutoka barazani aliiona taa ya samli, na picha ya mwanamke mwenye mikono mingi katika fremu, na mbele yake maua makavu na nazi. Wanawake wa Kihindi wachache walikuwa wamekaa wakiimba. Kankubai alifika kizingitini, akapiga magoti, akaweka paji la uso chini, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Rewa akaanza kumvuta sari.

Mtunza nyumba ile alikuwa mwashi mzee, mikono yake imeliwa na chokaa. Alikaribisha watu wa Haneti kwa heshima, akawapa maji, akasikiliza nadhiri mwanzo hadi mwisho. Kinyozi akatandika mkeka kwenye baraza. Rewa akakalishwa, nywele zake zikafunguliwa zikamwagika mgongoni, na wanawake wakaacha kuimba ili wazitazame. Kankubai akampa Sikuzani kanga mpya aliyoificha mzigoni njia nzima, nyekundu, haijaguswa na maji.

"Hii ni ya shangazi," akasema.

Sikuzani akakaa nyuma ya mtoto, akaitandaza mapajani. Kinyozi akachovya vidole majini. Wembe wake ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Alipoufungua, Sikuzani aliinusa ile harufu, akawa yuko nyumbani kwake, alfajiri, miaka mitano nyuma.

Yule mzee alikuwa na desturi yake. Kabla ya kunyoa alimwuliza shahidi, na shahidi ni yule mwenye kupokea. Aliinama, akamwuliza Sikuzani kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza jambo ambalo jibu lake linajulikana:

"Shangazi, wembe umewahi kuzigusa?"

Neno moja lingetosha. Kankubai alikuwa anatabasamu, na nyayo zake, zilizokunjwa pembeni, zilikuwa na damu iliyokauka. Sikuzani aliziangalia zile nyayo. Kama zingekuwa na viatu, huenda angesema hapana, akaishi nalo mpaka kaburini.

"Umezigusa," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Mzee akarudia swali, akidhani Kiswahili chake ndicho kibovu. Ndipo Sikuzani akaeleza, macho yake kwenye kisogo cha mtoto, asimtazame mtu. Alieleza wembe uliokuwa umenolewa kwa ajili ya mwingine. Alieleza siku ya saba. Alisema alinyoa kwa mapenzi wala hakujua habari ya nadhiri, na alipoijua aliogopa, na kuogopa ndiko kulikomfikisha hapa. Alijisikia anasema maneno mengi, akanyamaza.

"Nywele zenyewe ziko wapi?" mzee akauliza.

"Nilizizika."

"Wapi?"

"Kaburini kwa mwanangu."

Mzee alikaa akikuna chokaa kiganjani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema kwamba hizi zinaweza kunyolewa, Mata hakatai nywele za mtoto. Ila yeye si mtu wa kusema kwamba nadhiri imetimia, maana kilichoahidiwa hakipo hapa.

Kankubai hakuwa anatabasamu tena, wala hakulia. Uso wake ulikuwa kama ule wa siku zile za homa. Alisogea juu ya mkeka, akamgusa Sikuzani begani, si kwa nguvu, amsogeze kando.

"Za kwanza ulipokea wewe," akasema. "Hizi nitapokea mwenyewe."

Akatandaza upindo wa sari yake. Sikuzani akainuka na ile kanga mpya mkononi, hajui aishike vipi. Rewa, ambaye alikuwa ameambiwa njia nzima kwamba Mama Siku atakaa nyuma yake, aligeuza kichwa chini ya wembe akaita, "Mama Siku! Mama Siku, njoo!" Kinyozi akamshika kidevu. Sikuzani alitoka nje mpaka alipofungwa punda, akasimama pale, na kila mtoto alipoita alisikia.

Matonya alimtazama, akataka kutania, akaona si mahali pake. Akampa kibuyu cha maji.

Safari ya kurudi ilikuwa siku tatu za kutosemezana. Rewa, kichwa cheupe kimefungwa kitambaa, alipanda punda akauliza maswali yasiyojibiwa. Kankubai alitembea peku tena, ingawa nadhiri haikumtaka kurudi peku. Na jioni alijichomoa miiba mwenyewe. Kwa mtu anayetegemea mwanga wa moto tu, ile ilikuwa kazi ya adhabu. Sikuzani alikaa upande wa pili na sindano yake mkononi. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua, lakini mtu hukaa akiitazama ardhi ilipolowa.

Haneti mlango wa uani wa Baniani ulifungwa. Rewa hakuja. Sikuzani alimsikia akilia ndani na kutaja jina lake, kisha siku zikapita, akamsikia halii tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Velji alipita akasalimia kwa kichwa. Aliposema, alisema hivi tu: ngozi zimeuzwa, duka linauzwa, wanakwenda kwao. Mkewe amesema lazima Mata wa kwao aombwe msamaha kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo hana usingizi.

"Mtarudi lini, Baba Rewa?"

Velji akazitazama funguo zake. "Mama yake hajasema kurudi."

Siku moja kabla ya kuondoka, jua la saa sita utosini, saa ambayo hata mbuzi hujificha, mtu alibisha. Alikuwa Kankubai. Alikuwa peku. Alimshika Rewa mkono mmoja, na mtoto naye peku, anarukaruka kwa joto la mchanga. Mkono wa pili ulikuwa na kapu lililofunikwa.

"Nionyeshe," akasema.

Sikuzani hakuuliza nini. Akavua viatu akatangulia.

Kaburi lilikuwa dogo, mawe machache tu yaliyozungushwa, na mwaka ule upepo ulikuwa umelisawazisha. Sikuzani akaonyesha kwa kidole upande wa kichwa. Kankubai alipiga magoti, akaweka paji la uso ardhini, vile vile, kabisa vile vile kama alivyofanya kwenye kizingiti cha Mata Dodoma, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka akatoa kwenye kapu taa ya udongo na samli, akaiwasha mchana kweupe. Akatoa nazi, ya pili kati ya mbili alizonunua kwa ajili ya safari ile, akaivunja juu ya jiwe. Akatia unga mwekundu kwenye mawe, moja moja. Mwisho akatoa nywele, zile ndefu, zimefungwa kwenye kipande cha sari. Alichimba kwa vidole mpaka kucha zikajaa udongo, akaziweka, akafukia.

"Zimekaa na wenzao," akasema. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Jina lake nani?"

"Hakuwa na jina. Alikufa siku ya sita."

Kankubai akatikisa kichwa polepole. "Wangu watatu pia hawakuwa nalo."

Walikaa. Taa ilikuwa haionekani kwa jua, ila samli ilinuka. Rewa alikuwa amechutama akikitazama kirundo cha udongo ambacho nywele zake zimeingia, ametulia kama hajawahi kutulia.

"Ba, nani amelala humu?"

Katika dini ya Sikuzani jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza: walionyonya ziwa moja ni ndugu. Alikuwa akilijua miaka yote hiyo, wala hakuthubutu kulitamka mbele ya mama wa mtoto, asije akaonekana anajipa kisicho chake. Alinyamaza sasa pia. Kankubai ndiye aliyejibu.

"Kaka yako," akasema. "Msalimie."

Rewa akainama, akagusa jiwe kwa mikono miwili, akajigusa machoni kama alivyofundishwa. Akasema kwa Kiswahili, "Shikamoo, kaka." Sikuzani akauma upindo wa kanga yake, lakini kilio kikamshinda, akakiacha kitoke. Kankubai alimshika mkono. Hakusema amemsamehe. Sikuzani alimjua vya kutosha: kama angekuwa amemsamehe yote angesema. Alimshika mkono tu mpaka kilio kikaisha, kisha akauachia, akamwinua mtoto.

Asubuhi Matonya alikuja na punda watatu. Rewa alipandishwa juu ya mzigo, kichwa chake kimeota nywele fupi nyeusi, kama zile za siku ya arobaini na moja. Sikuzani alipewa ruhusa ya kukisugua kwa shavu. Mtoto alimwambia atamletea simba. Punda wakaondoka, na yeye akasimama mpaka vumbi nalo likaondoka.

Barua moja ilikuja, kupitia kwa waashi wa Dodoma: wamefika salama, Rewa anamwulizia. Mwaka huo huo vita vya Wadachi na Waingereza vikaanza, meli zikakoma, na wanaume wa Haneti wakakamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Matonya alichukuliwa pamoja na punda wake, akarudi bila punda. Barua nyingine haikuja. Kama Rewa aliishi akazeeka, au bahari au ugonjwa ulimchukua, Sikuzani hakuja kujua kamwe.

Kaburi alilifagia. Kila mwaka kiangazi kikifika kileleni alikwenda peku saa sita mchana, akaweka samli kidogo kwenye ile taa ya udongo, asiiwashe, maana yeye na dini yake; akaiacha tu na samli yake. Wachunga ng'ombe walisema mama huyu amechanganyikiwa, naye hakuwa na nguvu za kuwatania.

Mwaka wa mwisho wa Mdachi, askari wanapita na kila nyumba inaulizwa ina watu wangapi wa kufanya kazi, karani mgeni alisimama mlangoni kwake na karatasi, akauliza ana watoto wangapi.

"Wawili," Sikuzani akasema.

Karani akachungulia ndani. Palikuwa na mkeka mmoja na chungu kimoja. "Wako wapi?"

"Mmoja yuko pale chini ya kilima. Mmoja amekwenda kwa mama yake."

Karani akamtazama, akaandika kwamba hana, akaenda nyumba ya pili.